Boti mbili, namba moja: kisa cha mchujo wa tatu

Mchujo wa tatu wa boti za makasia za wanawake wawili wawili ulianza saa 2:40 asubuhi, kwa wakati wake. Saa 2:47 boti zote zilikuwa zimevuka mstari. Kuanzia saa 2:49 hadi saa 2:58 ubao wa matokeo ulionyesha timu isiyostahili katika nafasi ya pili, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa mwisho wa kuingia nusu fainali moja kwa moja. Dakika tisa tu. Nazichambua dakika hizo kwa sababu vibao vya namba vilivyoleta mkanganyiko wote vilikuwa viwili, na kimoja kati ya hivyo nilikitoa mimi mwenyewe, nikiwa kwenye zamu ya ukaguzi gatini. Tena nilikitoa nikiwa na karatasi sahihi mbele yangu.

Sitataja mashindano wala timu. Wanawake wa timu hizo wamekwishaendelea na michezo yao na hawana deni kwa yeyote. Nitawatambua kwa rangi za makasia yao, kwa kuwa mwishowe rangi ndiyo iliyotuokoa: timu ya makasia ya kijani na timu ya makasia meupe.

Asiyewahi kusimama kando ya maji siku ya mashindano makubwa huenda akadhani kazi yote ni ya yule mwamuzi anayefuata boti kwa motaboti akiwa na bendera mkononi. Huyo ndiye anayeonekana. Lakini uwanja wa makasia una urefu wa mita 2,000, una njia sita au zaidi zilizogawanywa kwa maboya, na mbio huondoka kila baada ya dakika chache. Sisi siku hiyo zilikuwa zikitoka kila dakika kumi. Maana yake ni kwamba wakati mbio moja inakaribia kumalizika, nyingine inajipanga mstarini, ya tatu inapasha misuli kwenye maji ya nyuma, na ya nne bado iko gatini ikikaguliwa. Mbio nne kwa mara moja, mikononi mwa makundi manne ya watu ambao hata wakikaza macho hawaonani. Aliyeko gatini hajui mstari wa kuanzia unaonekanaje, na aliyeko mnara wa kumalizia huziona boti kwa mara ya kwanza zikiwa zimebakiza robo ya safari.

Watu hao karibu wote ni wa kujitolea. Wapo waliopiga makasia ujanani na magoti yakagoma, wapo wazazi walioanza kwa kubeba mikoba ya watoto wao wakaishia kufanya mtihani wa uamuzi, wapo wanafunzi wanaokuja kwa siku mbili tu. Hata anayesimamia mbio za kimataifa kwa kanuni za shirikisho la dunia, lile lililoundwa Torino mwaka 1892, kwa kawaida ana kazi nyingine inayomlisha. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya kisa hiki yupo aliyesema kwamba kosa lilitokana na kutegemea watu wasiolipwa. Nitarudi kwenye hoja hiyo. Siikubali.

Gatini

Kituo cha ukaguzi ndipo boti na maji hukutana. Hapo tunahakikisha kwamba waliokuja ni wale walioandikishwa, kwamba pua ya boti ina ule mpira mweupe unaozuia isimtoboe mtu ikigonga, kwamba viatu vilivyofungwa ndani ya boti vina kamba za visigino ili mguu uchomoke wenyewe boti ikipinduka. Baada ya mbio tunapima uzito wa boti zilizochaguliwa: ya watu wawili isipungue kilo 27. Na kabla timu haijaingia majini tunaipa kibao cha namba, kipande chepesi cha plastiki kinachochomekwa kwenye omo, yaani mbele kabisa. Namba ya kibao ni namba ya njia. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo, na pengine ndiyo sababu hatuiheshimu inavyostahili.

Mchujo wa tatu ulipangwa uwe na timu sita. Saa 1:05 asubuhi ikaja barua ya daktari: mmoja wa wachezaji wa njia ya 2 anaumwa, timu yake inajitoa. Mwenyekiti wa waamuzi akaamua timu zilizobaki zisogee ili njia ya 6, iliyokuwa ikipigwa na upepo wa ubavuni kuliko nyingine, ibaki tupu. Uamuzi mzuri, na nadhani ningeufanya mimi pia. Njia ya 3 ikawa ya 2, ya 4 ikawa ya 3, ya 5 ikawa ya 4, ya 6 ikawa ya 5. Timu ya kijani ilitoka njia ya 4 kwenda ya 3. Timu ya makasia meupe ilitoka ya 5 kwenda ya 4.

Karatasi mpya, toleo la pili, zilichapishwa saa 1:30 na kijana wa kusambaza akaanza kuzunguka nazo. Gatini alifika saa 1:40.

Timu ya kijani ilikuwa imeondoka saa 1:38. Walipenda kupasha misuli kwa muda mrefu, hivyo walikuja mapema, na mwenzangu wa zamu ya alfajiri akawapa kibao namba 4 kwa mujibu wa karatasi aliyokuwa nayo. Hakukosea. Kwa karatasi ile, saa ile, namba 4 ilikuwa namba yao. Akaweka alama ya vema kwenye jina lao. Dakika mbili baadaye karatasi mpya ikatua mezani, naye akaikunja ya zamani, ile yenye alama ya vema, akaitia kwenye mkoba wake kama tulivyofundishwa: karatasi mbili zisikae meza moja. Saa 1:45 nikapokea zamu. Akaniambia, "Karatasi ndiyo hiyo, mpya. Kila kitu kiko sawa." Alikuwa amesimama hapo tangu saa 11 alfajiri, katika umande, na aliniambia alichoamini.

Timu ya makasia meupe ilifika kama saa mbili. Nikasoma toleo la pili: njia ya 4. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Nafasi ya namba 4 ilikuwa tupu.

Hapa ndipo ninapojihukumu. Rafu ina vibao vya mbio moja, namba 1 hadi 6. Nafasi moja ikiwa tupu kabla ya timu ya kwanza kuhudumiwa kwenye karatasi yangu, maana yake ni moja tu: mtu kakitoa. Rafu ilikuwa ikiniambia kwamba boti yenye namba 4 tayari iko majini. Mimi nikaichukulia kama upungufu wa vifaa. Nikadhani kibao kimechelewa kurudi na boti za jana, nikafungua sanduku la akiba, nikatoa namba 4 nyingine, nikawatakia heri. Walinishukuru kwa adabu. Timu nyingine zote za mchujo ule zilipata namba sahihi.

Mstari wa kuanzia

Mwongozaji wa maji ya kupashia misuli ni mama mmoja ambaye amefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko nilivyowahi kushika kasia. Aliniambia baadaye kwamba hakuziona namba kwanza. Aliiona timu ya kijani ikielekea njia ya 4 na ya makasia meupe ikielekea njia hiyohiyo. Kocha wa kijani alikuwa ameliona tangazo la mabadiliko, lakini wachezaji wake walikuwa majini tayari na hakuwa na namna ya kuwafikia. Mwongozaji akatazama omo za boti zote mbili, akaona 4 na 4. Zilibaki dakika tano.

Kwa nini dakika hizo ni chache? Kwa sababu kuzipanga boti mstarini ni kazi ya subira. Kila boti inarudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa dogo linaloelea, ambako kijana wa kujitolea amelala kifudifudi akiishika kwa tezi, yaani nyuma kabisa. Upepo ukivuma wa ubavuni, omo zinapelekwa upande, na wachezaji hugusa maji kidogokidogo ili zirudi. Jaji wa mstari, aliyekaa kandokando na mstari wenyewe, huamuru washikaji wavute sentimita chache au waachie sentimita chache hadi pua zote zilingane, ndipo anainua bendera nyeupe. Mwanzishaji huita timu kwa majina, njia kwa njia, huwataka wawe tayari, huwasha taa nyekundu, hunyamaza kidogo, kisha kijani. Wakati wote huo wachezaji wanatazama nyuma. Mpiga makasia huipa mgongo njia aendayo, na kwenye boti isiyo na nahodha wa kuongoza, imani yake yote kwamba mbele ni salama ameikabidhi kwa watu asiowaona.

Na mbio zikishaondoka si kwamba mstari umemaliza kazi. Mita 100 za kwanza zina uzito wa pekee. Wengi wanakumbuka Olimpiki ya London 2012, tarehe 4 Agosti, fainali ya wanaume wawili wa uzito mwepesi: kiti cha Mark Hunter wa Uingereza kiliharibika mara tu baada ya kuanza, mbio zikasimamishwa, zikaanzishwa upya, na Denmark ikashinda. Ilichukua jicho la mtu aliyejua anatafuta nini, katika sekunde chache, mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakipiga kelele.

Mwongozaji wetu alikuwa na njia tatu. Angeweza kuomba mbio zicheleweshwe hadi kibao namba 3 kiletwe kwa boti kutoka gatini, umbali wa kilomita mbili. Angeweza kuacha boti zote mbili na namba 4. Au angeweza kukitoa kibao kwenye boti ya kijani. Alichagua la tatu. Akasogea kando yao, akawaambia, "Binti zangu, ninyi ni njia ya 3, msihofu, kosa ni letu," akakichomoa kibao, akakitia mfukoni. Kisha akashika redio: "Njia ya 3 haina kibao cha namba. Narudia, njia ya 3 haina kibao."

Mwamuzi wa mbio, aliyekuwa kwenye motaboti akingoja nyuma ya mstari, akajibu kwamba amepokea. Mwanzishaji akajibu kwamba amepokea. Mnara wa kumalizia haukujibu.

Wapo waliomlaumu kwa kutochelewesha mbio. Mimi namtetea. Upepo ulikuwa ukipanda, boti tano zilikuwa zimekwisha kuingia au zinaingia, na mbio mbili zilikuwa zikisubiri nyuma. Kuwaweka wachezaji dakika kumi na tano wakipoa kwa ajili ya kipande cha plastiki kungewaumiza watano badala ya mmoja. Kuacha namba mbili zinazofanana kungekuwa hatari kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu jicho linaloona pengo huuliza, lakini linaloona namba hutulia. Kama kuna kilichokosekana pale ni kipande cha gundi ya karatasi na kalamu ya wino mzito, angeandika 3 na kuibandika. Wala hilo si kosa lake. Hakuna aliyewahi kumpa vitu hivyo.

Mnara wa kumalizia

Kwa nini mnara haukujibu? Tulikuwa na masafa mawili ya redio, moja ya mbio na jingine la usalama. Saa 2:25 mchezaji mmoja wa boti ya mtu mmoja alipinduka katika eneo la kupoza misuli, chini kidogo ya mnara. Boti ya uokoaji ilimfikia haraka na hakuumia. Mkuu wa mnara, aliyeweza kumwona kuliko mtu yeyote, alihamia masafa ya usalama ili kuwaelekeza waokoaji. Alifanya sawasawa kabisa. Mtu akiwa majini, matokeo yanasubiri. Ila baada ya mchezaji kutolewa, redio ilibaki kwenye masafa yale kwa karibu dakika ishirini. Ujumbe wa njia ya 3 ulipita ndani ya muda huo.

Mnarani huwa kuna mtaji, anayetaja kwa sauti boti zinavyovuka, mwandishi, anayeyaandika, msoma picha, anayekaa na kamera ya mstari, na anayeingiza matokeo kwenye kompyuta. Boti inahesabiwa imemaliza pua yake inapogusa mstari. Njia ya 1 ilishinda kwa umbali wa wazi. Nyuma yake zilikuja mbili bega kwa bega, ya kijani na ya makasia meupe, na mtaji akataja: "Moja. Nne. Tatu. Tano. Mbili."

Nimekaa naye tukalirudia tukio hilo zaidi ya mara moja. Macho yake ni mazuri na amefanya kazi hiyo kwa misimu mingi. Lakini boti za njia zinazopakana, zikitazamwa kutoka kando, hufunikana. Boti moja ilikuwa na namba nyeusi kwenye kibao cheupe, nyingine omo yake ilikuwa wazi. Jicho lilishika kilichosomeka. Akataja alichoweza kukitaja, kisha kilichobaki.

Msoma picha aliona tofauti. Kamera ya mstari wa kumalizia haipigi picha ya uwanja kama kamera ya kawaida. Inautazama mstari peke yake, ukanda mwembamba mno, na kuupiga tena na tena, kisha kuzipanga picha hizo ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo kushoto na kulia kwenye picha ile si umbali, ni muda. Pua iliyotangulia kwenye picha ndiyo iliyotangulia kufika, hata kama kwa macho boti zilionekana sawa. Picha ya namna hiyo ndiyo iliyoamua fainali ya mtu mmoja mmoja huko Rio mwaka 2016, Mahé Drysdale na Damir Martin walipoandikiwa muda mmoja, 6:41.34, na dhahabu ikaenda kwa Drysdale. Mwaka 2008 Beijing, dada pacha wa New Zealand, Caroline na Georgina Evers-Swindell, walishinda kwa sekunde 0.01.

Kwetu tofauti ilikuwa sekunde 0.04. Kwa mwendo wa boti zile ni kama sentimita ishirini, shibiri moja hivi. Na iliyotangulia kwa shibiri hiyo ilikuwa boti isiyo na namba. Msoma picha akasema, "Kuna boti haina kibao, iko mbele ya nne." Akaanza kutafuta ni ipi.

Wakati anatafuta, kijana wa kompyuta alikuwa na mpangilio kamili wa mtaji mbele yake, mwandishi kauandika vizuri, na dirisha la programu linaloruhusu matokeo ya awali kutangazwa kabla ya kusainiwa. Watazamaji wanapenda kujua upesi. Akabonyeza. Ubao ukawaka, mtangazaji akasoma kwa shangwe: nafasi ya pili, makasia meupe. Kutoka mnarani waliwaona wakikumbatiana ndani ya boti. Mita chache kutoka kwao mmoja wa wachezaji wa kijani alikuwa ameinama, paji la uso juu ya magoti.

Kilichozuia kosa lisigeuke dhuluma ni mkono wa mkuu wa mnara uliokataa kusaini. Alikuta taarifa mbili zinazogongana, akaiweka kalamu chini, akarudisha redio kwenye masafa ya mbio na kumuuliza mwamuzi maswali mawili. Bendera yako ni nyeupe? Ndiyo, mbio zilikuwa za haki. Njia ya 3 walikuwa nani? Swali hilo la pili ndilo la maana. Mwamuzi anayefuata kwa nyuma hawezi kusema nani kafika mbele kwa shibiri moja. Pembe yake ya kutazamia haimruhusu, na mwamuzi mzuri hajaribu. Lakini anajua nani alikuwa njia gani kwa mita zote 2,000, kwa sababu amezifuata akizichunga zisiingiliane. Akajibu: njia ya 3 makasia ya kijani, hawana kibao, niliambiwa tangu mstarini. Msoma picha akaikuza picha hadi rangi ya makasia ikaonekana. Kijani mbele. Saa 2:58 matokeo rasmi yakasainiwa.

Kocha wa makasia meupe

Alikuja kwenye chumba cha waamuzi akiwa ametulia, na utulivu ule uliniumiza kuliko angefoka. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza alitaka kuiona picha. Alionyeshwa, mstari ukasogezwa mbele yake pua moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa akakubali.

La pili lilikuwa la kanuni: timu ya kijani ilishindana bila kibao cha namba, na kibao ni sharti. Je, haiwezi kuondolewa? Mwenyekiti alilijadili na wenzake kwa uzito, kama inavyopasa. Uamuzi ulikuwa kwamba kibao kiliondolewa na mwamuzi, kwa amri ya mwamuzi, kurekebisha kosa la waamuzi, na mchezaji haadhibiwi kwa kutii. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Kama kungekuwa na adhabu, ningestahili kuibeba mimi, na kanuni haina namna ya kuiandika sekunde kwenye jina la mtu wa gatini.

Kisha akauliza la tatu, nalo halikuwa na jibu kwenye kitabu. "Niwaambie nini wasichana wangu? Walitangaziwa wamepita." Mwenyekiti aliinuka, wakatoka pamoja hadi kwenye hema la timu, akawaeleza mwenyewe. Nami nikafuata. Niliwaambia kwamba kibao cha pili nilikitoa mimi. Mmoja wao aliniuliza kama kingebadilisha muda wao. Nikasema hapana, wala sekunde moja. Akasema basi ni sawa. Haikuwa sawa, lakini alitaka niondoke nikiwa na amani, na hilo sitalisahau.

Tulipokaa jioni

Kikao cha jioni ndicho kilichonisukuma kuandika. Yule aliyesema tuajiri watu wa kulipwa aliongea kwa nia njema. Lakini tukiifuata njia ya kosa hatua kwa hatua, ni wapi mshahara ungelizuia? Mwenzangu wa alfajiri alifuata karatasi yake. Mwongozaji aliona na kutenda ndani ya dakika tano, kwa busara iliyotokana na miaka, si na malipo. Mkuu wa mnara aliacha redio kwa ajili ya mtu aliyekuwa majini. Kila mmoja katika kituo chake alifanya kazi yake, ukiniondoa mimi na ile rafu. Kosa halikukaa ndani ya kituo chochote. Lilipita katikati yao: kati ya zamu na zamu, kati ya karatasi na karatasi, kati ya ujumbe uliotumwa na sikio ambalo halikuwepo.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenye mashindano haya manahodha hawana budi kuwa wengi, maji ni marefu na mtu hana macho ya kilomita mbili. Cha kuangalia ni jinsi nahodha mmoja anavyomkabidhi mwenzake usukani. Sisi tulikuwa tukikabidhiana kwa maneno "kila kitu kiko sawa". Maneno hayo hayana habari ndani yake. Mwenzangu angesema "kijani wameshatoka na namba 4", sentensi moja, kisa hiki kisingekuwepo. Na mimi ningeuliza "nani yuko majini tayari?", vilevile.

Na udhaifu wa kweli wa watu wa kujitolea uko hapohapo. Tunajua boti, tunajua kanuni, lakini hatujuani. Tunakutana Ijumaa jioni, tunagawana fulana na redio, Jumapili tunaachana. Mtu unayefanya naye kazi kila siku unaisikia sauti yake ikiwa na shaka. Mtu uliyekutana naye jana, huwezi. Kwa hiyo yale ambayo wengine huyapata kwa mazoea, sisi inabidi tuyapate kwa utaratibu.

Tulibadilisha mambo machache usiku uleule. Karatasi ya zamani haikunjwi tena hadi alama zake zote zihamishiwe kwenye mpya, mbele ya macho ya wawili. Toleo limeandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya ukurasa. Ujumbe wa redio unaohusu utambulisho wa boti haujakamilika mpaka kila kituo kiurudie kwa jina lake, na mstari wa kuanzia hauachii mbio kama mnara uko kimya. Mnara umepewa redio ya pili kwa ajili ya usalama peke yake. Jukwaa la kuanzia limepewa seti nzima ya vibao vya akiba, gundi na kalamu. Nilipendekeza pia dirisha lile la matokeo ya awali lifungwe pale nafasi ya kufuzu inapobishaniwa, hata mtangazaji akilalamika. Pendekezo hilo lilipita kwa tofauti ndogo ya kura, na bado naamini ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, maana mengine yanazuia kosa letu na hili linamlinda mchezaji tukishakosea.

Kulipokuwa kunaingia giza, mwongozaji alikuja gatini akanikabidhi kibao namba 4, bado kina maji. Nikakirudisha kwenye rafu.

Kesho yake, mbio za kujikomboa, yaani nafasi ya pili kwa timu ambazo hazikupita moja kwa moja, zilikuwa saa 3:20. Mimi na mwenzangu wa alfajiri tulisimama mbele ya rafu tukahesabu vibao kwa sauti, tukavilinganisha na karatasi, toleo la kwanza, hakuna aliyejitoa. Timu ya makasia meupe ilifika ya pili kwa zamu. Njia ya 3. Nikakisoma kibao kwa sauti, mwenzangu akasoma karatasi, na yule mchezaji aliyeniuliza swali la jana akanyoosha mkono, naye akakisoma kabla ya kukichomeka: tatu.